Unyevu na umande: Adui wa kimya wa kompyuta katika miji ya pwani

Na Mwandishi Wetu

WATUMIAJI wengi wa kompyuta huogopa mambo mawili: virusi vinavyoharibu mafaili na umeme unaopanda na kushuka. Kwa ajili ya la kwanza hununua programu za kinga, na kwa ajili ya la pili huweka stebilaiza au UPS. Lakini yupo adui wa tatu ambaye hana kelele wala haonekani kwa macho, na katika miji kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Lamu na Unguja yumo ndani ya kila chumba, usiku na mchana. Adui huyo ni maji yaliyomo hewani.

Maji hayo hayaingii ndani ya mashine kwa kumwagika kama chai au soda. Huingia yakiwa mvuke, kupitia matundu yale yale yanayoingiza hewa ya kuipoza kompyuta, kisha hugeuka matone madogo juu ya vyuma na bodi zilizo baridi. Mtumiaji huwa hana habari, mpaka siku mashine inapogoma kuwaka au inapozimika katikati ya kazi.

Kinachopotea siku hiyo si chombo peke yake. Katika duka la jumla, kompyuta moja huwa ndiyo daftari la madeni na hesabu ya mali iliyomo ghalani. Katika zahanati, ndimo zilimo kumbukumbu za wagonjwa. Katika shule, ndimo yalimo matokeo ya wanafunzi. Nyumbani, ndimo zilimo picha za harusi na za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Mashine mpya huweza kununuliwa. Mengi ya hayo hayanunuliki.

Makala haya yanaeleza namna unyevu unavyoingia katika vipuri vya kompyuta, madhara yake, na hatua ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzichukua bila gharama kubwa.

Umande hutokea vipi

Hewa hubeba maji yaliyo katika hali ya mvuke, na uwezo wake wa kubeba hutegemea joto. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 30 za Sentigredi inaweza kubeba mvuke wa gramu 30 hivi, wala si zaidi ya hapo. Hewa hiyo ikipoa hadi nyuzi 20, uwezo wake hushuka hadi gramu 17 hivi. Mvuke unaozidi hapo hauna pa kukaa, hivyo hugeuka maji.

Tuchukue mfano wa siku ya kawaida ya pwani, yenye nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 75. Asilimia hiyo maana yake ni kwamba hewa imebeba robo tatu ya mvuke wote inaoweza kuubeba katika joto hilo, yaani karibu gramu 23 kwa kila mita ya ujazo. Chumba cha ofisi chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3, kikipozwa kutoka hali hiyo hadi nyuzi 20, hulazimika kutoa takriban robo lita ya maji. Ndiyo maana bomba la kiyoyozi hudondosha maji nje ya ukuta mchana kutwa.

Wataalamu wa hali ya hewa wana kipimo wanachokiita kiwango cha umande. Hili ni joto ambalo hewa ikipoa hadi kulifikia, mvuke wake huanza kugeuka matone. Kwa hewa ya mfano wetu, kiwango hicho ni nyuzi 25 hivi. Kwa maneno mengine, kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 25 kikiwekwa katika hewa hiyo kitatoa jasho, kama inavyotoa jasho chupa ya maji baridi iliyowekwa juu ya meza ya mgahawa. Chupa haivuji, maji yale yametoka hewani.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani kwamba hatari ipo pale kompyuta inapoingizwa katika chumba chenye baridi. Ukweli ni kinyume chake. Kompyuta yenye joto ikiingia katika chumba baridi na kikavu haipati umande. Hatari ipo pale mashine iliyokwisha kupoa inapotolewa kwenda katika hewa ya joto yenye mvuke mwingi.

Nyakati za hatari

Wakati wa kwanza ni mtu anapotoka katika ofisi yenye kiyoyozi. Kompyuta mpakato iliyozimwa na kukaa saa kadhaa katika chumba cha nyuzi 18 huwa na ubaridi huo huo hadi ndani ya bodi yake. Mwenyewe akiibeba mkononi, akaketi nje chini ya mwembe na kuiwasha papo hapo, umeme hupita katika bodi ambayo wakati huo huo inalowa.

Wakati wa pili ni jioni, ofisi inapofungwa. Kiyoyozi huzimwa, na mara madirisha hufunguliwa ili chumba kipate hewa. Hewa ya nje iliyojaa mvuke huingia na kukuta makasha ya chuma, seva na swichi za mtandao zikiwa bado baridi. Hali hiyo hutokea pia umeme unapokatika: kiyoyozi husimama, milango hufunguliwa kwa sababu ya fukuto, na vifaa vilivyokwisha kuzimika hubaki na ubaridi wao.

Wakati wa tatu ni safari. Msafiri anayepanda basi la usiku kutoka Nairobi au Arusha, ambako usiku wa Julai huwa na baridi kali, hushuka asubuhi Mombasa au Tanga akiwa na begi ambalo vilivyomo ndani yake bado vina baridi ya nyanda za juu. Jambo hilo huwapata pia wanaofika kutoka Ulaya wakati wa kipupwe, mizigo yao ikiwa imekaa saa nyingi katika tumbo la ndege.

Wakati wa nne unahusu kompyuta za mitumba zinazoletwa kwa meli. Ndani ya kontena la chuma, hewa hupata joto mchana na kupoa usiku katika safari ya majuma kadhaa. Mvuke unaotoka katika mbao, maboksi na mizigo yenyewe hugeuka matone kwenye paa la kontena na kuanguka juu ya bidhaa. Wasafirishaji huliita jambo hilo mvua ya kontena. Kompyuta iliyokuwa nzima wakati wa kupakiwa huweza kufika bandarini ikiwa na kutu ambayo mnunuzi haioni, kwa kuwa kasha la nje limefutwa na kung'arishwa.

Maji hufanya nini ndani ya mashine

Maji safi kabisa hupitisha umeme kwa shida. Lakini matone yanayotokea ndani ya kompyuta hayabaki safi hata kwa dakika moja. Huchanganyika na vumbi, na mabaki ya dawa iliyotumika wakati wa kulehemu bodi kiwandani, na kwa watu wa pwani, huchanganyika na chumvi.

Upepo wa baharini hubeba chembe ndogo sana za chumvi. Chembe hizo hutua juu ya bodi pamoja na vumbi linalovutwa na feni. Chumvi ya kawaida ina tabia moja ambayo kila mpishi wa pwani anaijua: siku za mvua hulowa yenyewe koponi. Unyevu ukivuka asilimia 75 hivi, chembe ya chumvi hunywa maji ya hewani mpaka ikayeyuka na kuwa maji ya chumvi. Asubuhi nyingi katika miji ya pwani unyevu huvuka asilimia 80. Kwa hiyo, bodi yenye vumbi la chumvi huweza kulowa hata bila umande kuonekana.

Madhara yanayofuata ni ya namna tatu.

La kwanza ni umeme kupita njia isiyo yake. Katika bodi kuu, ambayo mafundi huiita mazabodi, nyaya za shaba zilizochorwa juu yake huwa karibu mno, chini ya milimita moja kutoka waya hadi waya. Utando mwembamba wa maji ya chumvi hutosha kuziunganisha. Kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta kimo hatarini zaidi, kwa sababu hupokea volti 230 za ukutani na feni yake hukusanya vumbi jingi.

La pili ni chembe za madini kuhama. Penye maji na umeme kwa pamoja, chembe za shaba, fedha au bati huchomoka upande mmoja na kujijenga upande wa pili. Taratibu huota vijiti vyembamba mithili ya matawi ya mti, mpaka siku vinapogusana na waya wa jirani. Jambo hili huweza kuchukua majuma au miezi, na ndiyo sababu kompyuta iliyolowa na kuonekana imepona huweza kufa baadaye bila sababu inayoonekana.

La tatu ni kutu. Shaba hugeuka kijani, na miguu ya vipuri huliwa mpaka ikakatika. Viungio vya kadi za kumbukumbu hupakwa dhahabu kwa sababu dhahabu haishiki kutu. Hata hivyo, utando huo ni mwembamba sana, na ukikwaruzwa, nikeli na shaba zilizo chini yake hubaki wazi.

Diski kuu za kizamani zenye sahani zinazozunguka zina tundu dogo la kupumulia, lenye kichujio, ili hewa ya ndani ilingane na ya nje. Kichujio huzuia vumbi lakini hakizuii mvuke kabisa. Watengenezaji huandika kwamba diski hizo zistahimili unyevu mwingi, ila kwa sharti moja: mvuke usigeuke matone. Diski zilizojazwa gesi ya heliamu, ambazo kampuni ya HGST ilianza kuziuza mwaka 2013, zimezibwa kabisa, lakini hizo hutumika zaidi katika vituo vikubwa vya data kuliko majumbani.

Ipo dalili moja ambayo mtumiaji anaweza kuitambua mapema. Kompyuta inayogoma kuwaka asubuhi, au inayolia milio ya ajabu na kujizima, kisha ikafanya kazi vizuri ifikapo saa nne au saa tano, aghalabu inasumbuliwa na unyevu. Joto la mchana limeikausha. Wengi hufurahi kwamba imepona na kuisahau. Kwa kweli hapo ndipo ingefaa ipelekwe kwa fundi na data zake zinakiliwe.

Hata mataifa makubwa yamepata hasara

Asidhani mtu kwamba tatizo hili ni la watu wasio na vifaa bora. Februari 23, 2008, ndege ya kivita ya Marekani aina ya B-2 ilianguka ilipokuwa ikiruka kutoka kituo cha jeshi la anga cha Andersen katika kisiwa cha Guam. Marubani wake wawili waliruka kwa viti vya dharura na kunusurika. Ndege hiyo ilikuwa na thamani ya dola bilioni 1.4 za Marekani.

Uchunguzi ulibaini kwamba unyevu ulikuwa umeingia katika baadhi ya vihisi vinavyopima shinikizo la hewa. Vihisi hivyo vilirekebishwa vikiwa na maji ndani yake, na vilipokauka vikatoa vipimo vya uongo. Kompyuta za ndege zikaamini vipimo hivyo na kuikosea ndege mwendo na mwelekeo wake. La kusikitisha zaidi, walikuwapo mafundi na marubani waliokwisha kufahamu tangu mwaka 2006 kwamba kuviwashia vihisi hivyo hita kabla ya kuvirekebisha huondoa unyevu. Maarifa hayo hayakuandikwa rasmi wala kuwafikia wote.

Mfano wa pili ni wa Juni 2011. Kampuni ya Facebook ilikuwa imefungua kituo kipya cha data katika mji wa Prineville, jimbo la Oregon, nchini Marekani. Kituo hicho hakikutumia viyoyozi vya kawaida bali hewa ya nje iliyopozwa kwa kunyunyiziwa maji. Hitilafu katika mfumo wa kuuongoza upozaji ilisababisha hewa ya moto kurudishwa ndani na kunyunyiziwa maji kupita kiasi. Joto lilivuka nyuzi 26 na unyevu ukavuka asilimia 95, seva nyingi zikajizima na kujiwasha upya, na nyingine zikazimika kabisa baada ya vifaa vyao vya umeme kuharibika. Baada ya hapo kampuni iliboresha uzibaji wa vifaa hivyo ili unyevu usivipenye.

Mafunzo ya visa hivyo viwili yanamfaa hata mwenye kompyuta moja: joto kidogo hukausha kabla ya kazi kuanza, na kila anayekitumia kifaa hana budi kuijua kanuni hiyo, si fundi peke yake.

Kinga ya nyumbani na ofisini

Kanuni ya kwanza ni subira. Kompyuta mpakato inayotoka penye baridi kwenda penye joto na ibaki ndani ya begi lililofungwa kwa saa moja au mbili kabla ya kuwashwa. Begi huifanya ipate joto polepole, na umande ukitokea hutua juu ya begi, si juu ya bodi. Diski za nje, kamera na kadi za kumbukumbu nazo zitendewe hivyo hivyo. Kwa vitu vidogo, chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, kama vile vya kuhifadhia chakula, hufaa zaidi ya begi.

Ya pili ni kukitumia kiyoyozi kwa akili. Ni vyema ikumbukwe kwamba mashine hiyo haikubuniwa kwa ajili ya starehe. Mwaka 1902, mhandisi Willis Carrier alibuni mfumo wake wa kwanza kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji mjini New York, ambacho karatasi zake zilikuwa zikitanuka na kusinyaa kwa sababu ya unyevu. Kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 24 hadi 26 hupunguza mvuke chumbani bila kuvifanya vifaa kuwa baridi kupita kiasi. Kukiweka nyuzi 16 hupandisha gharama za umeme na kuongeza hatari ya umande pindi kinapozimwa. Upepo wake usielekezwe moja kwa moja kwenye kompyuta, na kisifungwe juu ya meza ya seva, kwa sababu bomba lake likiziba, maji hudondokea ndani. Jioni, baada ya kukizima, madirisha yasifunguliwe mpaka vifaa vipate joto la kawaida.

Ya tatu ni mahali. Kompyuta isiwekwe sakafuni, wala isiegemee ukuta unaopigwa na mvua, wala isikae jirani na bafu au jiko linalotoa mvuke. Katika nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mombasa, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta hunyonya maji na kuyatoa taratibu. Humo ni muhimu kuacha nafasi kati ya ukuta na kasha la kompyuta ili hewa ipite.

Ya nne ni kuitumia. Kompyuta inayofanya kazi huwa na joto ndani yake, na joto hilo huufukuza unyevu. Mashine iliyofungiwa stoo kwa miezi mitatu ya masika hudhurika kuliko ile inayowashwa kila siku. Kama haina kazi, iwashwe walau mara moja kwa juma kwa saa moja au mbili.

Ya tano inahusu mifuniko. Wapo wanaoifunika kompyuta kwa nailoni mara tu wanapoizima, wakidhani wanaikinga. Nailoni huzuia vumbi, lakini pia huufungia ndani mvuke uliokuwamo. Kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa ni bora. Plastiki ifaa pale tu inapozibwa kabisa pamoja na kitu cha kunyonya unyevu.

Kitu hicho kinajulikana: vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vifaa vya umeme, viitwavyo silika. Punje hizo huweza kunyonya maji kufikia karibu theluthi ya uzito wake. Zikishiba hazifai tena mpaka zikaushwe katika joto la nyuzi 110 hadi 120 kwa saa kadhaa, zikiwa zimemwagwa juu ya sinia la chuma. Punje za buluu zinazogeuka waridi zina kobalti ambayo ni sumu, hivyo zisikaushwe katika jiko la kupikia chakula. Vilevile ieleweke kwamba vipakiti viwili vitatu ndani ya kompyuta yenye matundu havisaidii, kwa sababu haviwezi kuikausha hewa ya mji mzima. Kazi yake ni ndani ya chombo kilichozibwa.

Ya sita ni usafi. Kuondoa vumbi ni kuondoa chumvi. Kwa wakazi wa pwani, kompyuta ya mezani ifunguliwe na kusafishwa walau mara mbili kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo iwe kabla ya mvua za masika kuanza mwezi Machi. Viungio vya kadi za kumbukumbu visafishwe kwa spiriti ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, na kitambaa kisichotoa nyuzi. Baadhi ya mafundi huvisugua kwa kifutio cha penseli. Njia hiyo husaidia kwa muda, lakini kila inaporudiwa hula ule utando wa dhahabu.

Ya saba ni kupima. Kipimaunyevu kidogo cha kuweka mezani si chombo cha anasa. Katika chumba cha kompyuta, asilimia 40 hadi 60 ni hali nzuri. Hewa kavu kupita kiasi nayo ina ubaya wake, kwa kuwa huzalisha cheche za umeme tuli zinazoweza kuunguza vipuri, jambo ambalo wakazi wa Dodoma wakati wa kiangazi wana sababu ya kuliangalia kuliko wenzao wa pwani.

Vyumba vya seva

Tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, taasisi nyingi zimejenga vyumba vyake vya seva. Chama cha wahandisi wa joto na viyoyozi cha Marekani, ASHRAE, hupendekeza joto la nyuzi 18 hadi 27 katika vyumba hivyo, na kiwango cha umande kisichozidi nyuzi 15. Msomaji atakumbuka kwamba kiwango cha umande cha hewa ya pwani katika mfano wetu ni nyuzi 25. Tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha kwa nini mlango wa chumba cha seva usiachwe wazi, na kwa nini matundu ya kupitishia nyaya yazibwe.

Makabati ya mitambo yanayokaa nje, kama ya minara ya simu, hufungwa hita ndogo ambazo kazi yake ni kuiweka hewa ya ndani juu ya kiwango cha umande usiku kucha. Bodi zake nazo hupakwa varnishi maalumu, ya akriliki au silikoni, inayozitenga na maji. Varnishi hiyo haifai kupakwa na mtu asiye fundi, kwani ikiingia katika viungio huzuia umeme kupita.

Ikiwa imekwisha kulowa

Kompyuta iliyolowa isiwashwe kwa kujaribiwa. Wengi huharibu mashine kwa kitendo hicho kimoja. Ichomolewe ukutani, betri itolewe kama inatoka, kisha ifunguliwe na kuachwa mbele ya feni katika chumba kikavu kwa siku moja au mbili. Joto kali la mashine ya kukaushia nywele huweza kupinda plastiki na kuyasukuma maji ndani zaidi.

Kuizika katika mchele ni desturi iliyoenea, lakini mchele haunyonyi mvuke vya kutosha, na vumbi lake huingia katika matundu. Kampuni ya Apple, katika maelekezo yake kwa wenye simu zilizolowa, imewaonya wateja wasifanye hivyo.

Ikiwa maji yaliyoingia ni ya bahari au ya mafuriko, kukausha peke yake hakutoshi, kwa kuwa chumvi na uchafu hubaki. Fundi mwenye ujuzi huiosha bodi kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, kisha kwa spiriti ya isopropili, kabla ya kuikausha. Diski yenye data za thamani haioshwi wala haiwashwi. Hupelekwa kwa wataalamu wa kuokoa data.

Anayenunua kompyuta iliyotumika na amwombe muuzaji aifungue. Atazame kama kuna ukijani kwenye shaba, weupe kama unga kwenye miguu ya vipuri, au alama nyeupe ya kiwandani iliyogeuka nyekundu. Katika kompyuta mpakato na simu nyingi, alama hiyo huwekwa makusudi ili kuonyesha kwamba maji yaliwahi kuingia, na watengenezaji wengi huitumia kukataa madai ya dhamana.

Wala mtu asidanganyike na maandishi ya IP67 au IP68 yaliyo kwenye maboksi. Tarakimu ya kwanza huhusu vumbi na ya pili maji. Namba 7 maana yake ni kwamba kifaa kilipokuwa kipya kilizamishwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Haisemi lolote kuhusu mvuke wa bafuni, maji ya bahari, wala mpira wa kuzibia uliochakaa baada ya miaka mitatu.

Hatimaye, hakuna kinga inayozidi nakala. Mwenye hesabu, kumbukumbu za wagonjwa au picha za familia na aziweke mahali pawili, na mahali pa pili pasiwe chumba kile kile. Diski mbili zilizokaa katika droo moja yenye unyevu hushika kutu pamoja. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika suala hili ufa wenyewe ni mdogo: saa moja ya kusubiri kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasha, na dakika chache za kunakili kazi ya juma zima.